Ni Msimu Tu

Yako maneno matatu madogo yasemwayo kila mwaka katika milima ya Alpi, huko Ulaya, tangu mwanzo wa Desemba hata karibu na Pasaka. Mwenye hoteli huyasema, mgeni wake huyasema, na mtumishi aoshaye vyombo jikoni huyasema pia. Maneno yenyewe ni haya: "Ni msimu tu." Kwa maneno haya tajiri huona si vibaya kuwalaza watu wanne katika chumba cha wawili, mgeni hutenda mambo ambayo asingeyatenda machoni pa majirani zake, na mtumishi hukaa miezi minne au mitano kana kwamba siku zile hazihesabiwi katika umri wake. Twataka kuuliza kama maneno haya yana kweli ndani yake. Au tuliseme swali kwa njia nyingine: je, wajibu wa mtu kwa mwenzake hupungua pale ambapo wote wawili wajua, tangu siku ya kwanza, siku watakayoachana?

Wachache kwetu watafika Alpi, na wengine watauliza sisi tuna nini na theluji ya Ulaya. Jibu letu ni kwamba jambo huonekana vema mahali lilipokusanyika. Kazi ya muda iko katika kila nchi, lakini katika milima ile msimu ni kama ua uliozungushiwa boma: una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na vijiji vizima hula kwa msimu huo. Hivyo swali letu husimama pale peupe, bila kufichwa na mambo mengine.

Tuangalie nchi ya Tirol, iliyo upande wa magharibi wa Austria, na hasa njia ya mlimani iitwayo Arlberg. Upande mmoja viko vijiji vya St. Anton na St. Christoph, ng'ambo, katika jimbo la Vorarlberg, viko Lech na Zürs. Watu wa mijini huenda huko wakati wa baridi kuteleza juu ya theluji. Hufunga miguuni vibao viwili vyembamba virefu viitwavyo skii, hupandishwa juu katika viti vinavyoning'inia kwenye waya wa chuma, kisha hushuka wakiteleza kwa kasi, na furaha yao ni kubwa. Chama cha watelezaji wa Arlberg kilianzishwa St. Christoph mwaka 1901, na mwaka 1937 pale Zürs ulisimamishwa mtambo wa kwanza katika Austria wa kuwavuta watelezaji juu mlimani. Kabla ya hapo wakati wa baridi ulikuwa wakati wa njaa katika vijiji vile. Siku hizi ndio wakati wa mavuno.

Lakini furaha hii ya mchana yatengenezwa na watu wasioonekana. Usiku magari mazito ya minyororo hupanda na kushuka milimani kusawazisha njia. Theluji ikipungua, nayo yapungua miaka hii kwa kuwa dunia inazidi kupata joto, iko mitambo irushayo maji hewani katika baridi ya usiku ili yagande na kuanguka kama theluji. Na watu hukesha wakiiangalia. Alfajiri wako walipuao baruti juu ya miteremko, ili theluji iliyoning'inia iporomoke kabla wageni hawajatoka vitandani. Wakati huohuo mpishi na msaidizi wake wamekwisha kuamka, na msichana wa mezani apanga vikombe. Adhuhuri hupewa saa chache za kupumzika, kisha hurudi kazini mpaka usiku. Jumamosi ni siku ngumu kuliko zote, maana ndiyo siku wageni wa juma moja waondokapo na wa juma lingine waingiapo, na wasichana wa vyumba hawana budi kubadili mashuka ya nyumba nzima kati ya saa za asubuhi na alasiri. Mara nyingi kazi ni ya siku sita katika juma. Watumishi hao hutoka Hungaria, Slovakia, Romania, Kroatia, Ujerumani na nchi nyingine, nao hupewa mshahara, chakula na mahali pa kulala. Msimu ukiisha, hoteli nyingi hufungwa, na kila mtu huchukua sanduku lake na kushuka kituo cha gari moshi.

Wako Wakristo wasemao kwamba kazi hii haifai tangu asili yake, kwa kuwa ni kutumikia mchezo wa matajiri. Sisi hatuwafuati. Mtu aliyechoka akipumzika milimani hatendi dhambi, na anayempikia hatendi dhambi. Luther alifundisha kwamba kijakazi afagiaye nyumba kwa imani amtumikia Mungu katika wito wake sawa na mtawa aliye katika sala, wala hakuweka sharti kwamba nyumba ile iwe ya maskini. Tena fedha ya msimu mmoja imesomesha watoto wengi huko Hungaria na Romania. Shida haiko katika kazi, bali katika yale maneno matatu.

Tuanze na wenye kuajiri, kwa kuwa wao wana nguvu. Katika nchi jirani ya Uswisi maneno "ni msimu tu" hayakubaki midomoni mwa watu, bali yaliandikwa kuwa sheria. Tangu mwaka 1934 mgeni wa kazi za msimu, kama ujenzi, shamba na hoteli, alipewa kibali cha miezi isiyozidi tisa. Ikiisha, lazima atoke katika nchi, hata kama mwaka unaofuata ataitwa tena kwa kazi ileile na tajiri yuleyule. Wala hakuruhusiwa kuja na mkewe na watoto wake. Basi wako Waitaliano, Wahispania, Wareno na watu wa Yugoslavia waliokwenda na kurudi hivyo miaka mingi, wakijenga mabarabara na mabwawa na hoteli za nchi ile. Wengine hawakuweza kuvumilia, wakawaleta watoto wao kwa siri. Watoto hao walifungiwa chumbani mchana kutwa, wamekatazwa kucheza, kulia, hata kusogea karibu na dirisha, wasije wakaonekana wakafukuzwa. Waswisi wenyewe huwaita watoto wa kabatini. Sheria hiyo iliisha mwaka 2002 kwa ajili ya mapatano ya Uswisi na nchi za Umoja wa Ulaya. Watoto wale sasa ni watu wazima, na baadhi yao wamesimama hadharani kueleza utoto wao ulivyokuwa.

Tutafakari jambo hili kidogo. Wale waliotunga sheria hawakuwa wakatili kupita watu wengine. Walikuwa watu wa makanisani, wenye watoto wao. Lakini walikuwa wamejizoeza kumwita mtu kwa jina la muda wake. Mtu akikwisha kuitwa "wa msimu," twajisahaulisha kwamba mke wake si wa msimu, wala mwanawe si wa msimu, wala mgongo wake unaouma si wa msimu. Twanunua miezi tisa, nasi twadhani miezi tisa yaweza kufika peke yake, bila mtu ndani yake.

Watu wa Tirol wana sababu zaidi ya wengine kulijua hilo. Kwa muda wa miaka mamia, tena mpaka mwanzo wa karne iliyopita, mabonde ya Tirol, Vorarlberg na Graubünden yalikuwa maskini hata wazazi hawakuweza kuwalisha watoto wao wote. Kila mwaka, karibu na sikukuu ya Yusufu katika Machi, watoto wa miaka minane, kumi, kumi na miwili walikusanywa, wakapewa kiongozi, mara nyingi kasisi, wakavuka kwa miguu milima ingali na theluji mpaka nchi ya Swabia. Huko Ravensburg na Friedrichshafen wakasimama sokoni, na wakulima wakapita wakiwatazama na kuwachagua. Walichunga ng'ombe na bata bukini mpaka sikukuu ya Martin mwezi Novemba. Ijara yao ilikuwa nguo mpya jozi mbili na fedha kidogo. Wengine walipata matajiri wema, wengine walipigwa. Mwaka 1891 makasisi wa Tirol walianzisha chama cha kuwalinda, ili wasisafiri bila msimamizi na wapewe mikataba. Soko la Friedrichshafen lilikoma mwaka 1915, na desturi yenyewe ilifika mwisho wake hasa baada ya mwaka 1921, Württemberg ilipowalazimisha watoto wa kigeni pia kwenda shule. (Hii ndiyo nchi ya Württemberg walikotoka Krapf na Rebmann, waliotutangulia katika kazi ya Injili, na Rebmann ndiye aliyeandika habari za theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, wataalamu wa Ulaya wakamcheka.)

Basi wajukuu na vitukuu vya watoto wale ndio wenye hoteli wa leo. Wamegeuka kutoka kuajiriwa wakawa waajiri katika muda wa vizazi viwili au vitatu. Torati ya Musa yarudia neno hili mara nyingi kuliko maneno mengine mengi: Israeli asimwonee mgeni, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mgeni Misri. Na katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 24 yameagizwa mambo ya ijara ya kibarua maskini, awe ndugu au awe mgeni, kwamba apewe siku ileile kabla ya jua kuchwa. Mwalimu aonaye tabu kuwaeleza watu kwa nini Mungu aliunganisha ijara na ukumbusho wa Misri, na awasimulie habari za watoto wa Swabia.

Tena iko habari ya zamani zaidi, nayo ni ya mahali palepale Arlberg. Katika karne ya 14 njia ile iliua wasafiri wengi. Walikufa katika theluji, na wakati wa masika maiti zao zilishushwa bondeni. Alikuwako mtu jina lake Heinrich, aliyeitwa Findelkind, maana yake mtoto aliyeokotwa, kwa kuwa wazazi wake hawakujulikana. Alifanya kazi ya kuchunga nguruwe wa bwana mmoja wa ngome chini ya mlima. Basi mtu huyu aliona haya kwa ajili ya maiti zile. Alikuwa ameweka akiba ya mshahara wake, yasemwa ni gulden 15; akamwomba mtawala Leopold ruhusa, na mwaka 1386 akaanza kujenga nyumba juu ya njia, mahali paitwapo St. Christoph mpaka leo. Jioni alitoka na wenzake kuwatafuta waliopotea katika theluji. Akaanzisha udugu wa kuisaidia nyumba ile, na wajumbe wakapita katika nchi nyingi wakiomba fedha, na majina na alama za watoaji zikaandikwa katika vitabu. Udugu huo ungali uko. Nyumba ya zamani iliungua mwaka 1957, na mahali pale pakajengwa hoteli ya fahari.

Sisi twaona habari hii ina uzito kuliko hotuba nyingi. Injili ya Yohana yasema juu ya mtu wa mshahara kwamba amwonapo mbwa mwitu hukimbia, kwa sababu kondoo si wake. Heinrich alikuwa mtu wa mshahara kabisa: nguruwe hawakuwa wake, mlima haukuwa wake, na wasafiri wale hakuwajua hata mmoja. Nao wasafiri hawakukaa kwake msimu mzima, bali usiku mmoja, kisha wakaenda zao. Kama ufupi wa kukaa pamoja hupunguza wajibu, basi hapana duniani mtu aliyekuwa na wajibu mdogo kuliko yeye.

Hapa mtu mwenye akili atatupinga, naye yafaa asikilizwe. Atasema: "Mwayachanganya mambo. Baba ana wajibu kwa mwanawe kuliko kwa mpita njia. Jirani wa miaka ishirini si sawa na mtu niliyekutana naye jana. Kama kila mtu nikaaye naye kwa muda ana haki yote juu yangu, nitalemewa, wala sitamtendea mtu yeyote lililo jema. Tena tumeandikiana mkataba: yeye kazi, mimi fedha. Nikilipa yote, nini tena?" Hata wahenga wetu, atasema, walimpa mgeni siku mbili, na siku ya tatu wakampa jembe.

Ni kweli kwamba muda wabadili mambo. Tajiri wa Arlberg hawezi kuwa baba wa mtumishi wake, wala hapaswi kujifanya hivyo. Na mtumishi hapaswi kupenda hoteli ile kama nyumba ya wazazi wake. Kazi za wajibu zafupishwa na muda, kwa sababu mikono ina saa chache. Lakini mtu mwenyewe hafupishwi. Yule Msamaria wa mfano wa Bwana wetu alikaa na majeruhi usiku mmoja tu. Kesho yake alishika njia, maana alikuwa na shughuli zake, na hapana neno la kumlaumu kwa kuondoka. Hakumchukua yule mtu kwake akamfanya ndugu wa nyumbani. Alifanya yaliyowezekana katika muda uliokuwapo, akayafanya yote. Kisha akatoa dinari mbili, na hesabu iliyobaki akaiacha wazi mpaka atakaporudi. Na tusimsahau mwenye nyumba ya wageni katika mfano ule, ambaye sisi wahubiri humpita mbio. Alikuwa mfanya biashara, amelipwa fedha yake kwa mapatano, na bado kulikuwa na jambo ambalo dinari mbili hazikuweza kulinunua kwake: kumwangalia mgonjwa vizuri baada ya mlipaji kwenda zake, asipoonekana na mtu. Mkataba wajua saa ngapi na fedha ngapi. Haujui kama msichana wa vyumba ana homa siku ya Jumamosi.

Na ile methali ya jembe, kama tukiisikia vema, iko upande wetu. Mgeni akipewa jembe hakufukuzwa. Ameingizwa shambani pamoja na wenyeji. Jembe la siku ya tatu lilimaanisha: sasa u mmoja wetu. Kibarua wa msimu hupewa jembe siku ya kwanza, na huenda hata siku ya mwisho hajawa mmoja wao.

Juu ya siku ya mapumziko twataka kusema neno moja, kwa kuwa walimu wengi hufikiri amri ya tatu yahusu kwenda kanisani tu. Katika Katekisimo Kubwa Luther aeleza kwamba, kwanza, mwili wenyewe wadai siku ya kupumzika, naye awataja hasa watumwa na vijakazi waliofanya kazi juma zima. Kisha ndipo aeleza juu ya kusikia Neno. Basi mwenye hoteli ambaye mwenyewe aenda ibada ya Jumapili saa nne, huku jikoni kwake hapana aliyepumzika tangu juma mbili, hajaishika amri kwa kwenda kwake. Si lazima siku yenyewe iwe Jumapili. Luther hakuifunga siku. Lakini lazima iwepo, tena iwe ya mtumishi kweli, si siku ambayo aitwa saa sita "kwa dakika chache."

Kusini ya Arlberg, ng'ambo ya milima ya Verwall, liko bonde la Paznaun, na mambo mawili yaliyotokea huko yatasaidia kulipima swali letu. Tarehe 23 Februari mwaka 1999, baada ya siku nyingi za theluji isiyokoma, maporomoko ya theluji yalikifunika kijiji cha Galtür yakaua watu 31, na kesho yake watu saba wakafa katika kijiji kidogo cha Valzur. Barabara ilikuwa imefungwa. Helikopta hazikuweza kuruka siku ile ya kwanza. Wageni na wenyeji walichimbuana kwa mikono na majembe. Theluji haikuuliza nani amelipa kitanda, nani mwenye nyumba, nani amekuja kwa msimu.

Jambo la pili ni la mwaka 2020, nalo lilitukia chini kidogo katika bonde lilelile, Ischgl. Kijiji kile kina wenyeji kama 1,600 tu, lakini vitanda vya wageni vyapita 10,000. Na sifa yake ni kuteleza mchana na ulevi jioni. Mwanzo wa Machi ugonjwa wa korona ulikuwa umeingia. Tarehe 5 Machi serikali ya Iceland ilitangaza Ischgl kuwa mahali pa hatari, kwa kuwa watu wake walirudi kutoka huko wagonjwa. Siku mbili baadaye mtumishi mmoja wa nyumba ya vinywaji alionekana kuwa na ugonjwa. Hata hivyo wageni waliendelea kuteleza siku kadhaa, na bonde halikufungwa mpaka tarehe 13 Machi. Ndipo maelfu wakakimbia kwa magari, wakauchukua ugonjwa mpaka nchi nyingi za Ulaya. Tume iliyochunguza mwaka uleule ilisema kwamba wakuu walikawia na kukosea katika kuyapima mambo. Mashtaka ya jinai hayakufuata. Uchunguzi ulifungwa mwaka 2021. Nasi si mahakimu. Lakini twatazama hali ya mtumishi katika siku zile kumi. Yeye ndiye aliyekuwa karibu na pumzi za watu kuliko wote, naye ndiye aliyekuwa na sauti ndogo kuliko wote. Akisema ana homa, apoteza kazi. Na kitanda chake ni sehemu ya kazi. Tena msimu ulipokatika ghafula, kazi za wengi zilikatika pamoja nao. Mahali ambapo mtu hana neno baada ya Pasaka, ni vigumu awe na neno kabla yake.

Tumesema mengi juu ya matajiri, na vibarua watafurahi. Sasa na wao wasikilize, maana wengine wao ni watoto wetu wa kiroho. Msimu una mtego wake kwa mtumishi, nao ni mzuri machoni kuliko ule wa tajiri. Kijana yuko mbali na mama yake, mbali na mwalimu wake, mbali na wazee. Hapana anayejua jina la ukoo wake. Ana fedha mfukoni na wenzake vijana, na baada ya saa nne za usiku hapana kazi. Ndipo husema, "Ni msimu tu." Hunywa asivyokunywa kwao. Hufanya urafiki na msichana akijua kwamba Aprili watapanda magari mawili tofauti, na ahadi anazozitoa hazikukusudiwa kufika Mei. Huiacha sala, akisema ataianza tena nyumbani. Wala si uovu wa wazi tu. Wako wengine ambao hawafanyi ovu lolote. Wahesabu siku tu. Ayubu alimjua mtu huyu, mwajiriwa aukaziaye macho mwisho wa siku na mshahara wake. Hakuna kosa kuhesabu siku. Lakini mtu aishiye misimu kumi hivyo, wakati wa baridi milimani na wakati wa joto pwani ya Kroatia au Italia, amekwisha kutoa miaka kumi ya maisha yake kwa nchi isiyokuwako. Amesema "bado sijaanza" mpaka nywele zimekuwa mvi.

Yakobo alikaa kwa Labani miaka ishirini, katika nchi ya kigeni, kwa mkataba uliobadilishwa mara kumi bila yeye kuulizwa. Alinyanyaswa kweli, naye alinuia siku zote kurudi kwao. Hata hivyo alioa huko, akazaa huko, akachunga kwa bidii, jua likimpiga mchana na baridi usiku, akaomba huko. Hakuiweka kando ile miaka kama nguo ya kazi ivuliwayo mlangoni.

Twasema haya kwa sababu neno lenyewe halikubaki Ulaya. Wako dada zetu waendao Oman na nchi nyingine za Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili, kutumika majumbani, na twajua jinsi neno "ni mkataba tu" lilivyotumika juu yao. Na wale wakaao chini ya Kilimanjaro wanao msimu wao wenyewe. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller, ambaye alikuwa mtu wa Tirol, mzaliwa wa Innsbruck. Vitabu vyawataja hao wawili kwa heshima, na wapagazi waliobeba vyakula na hema mpaka penye baridi hutajwa pembeni. Siku hizi sheria ya hifadhi yasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20. Nani hupima mzigo alfajiri langoni, na nani hutazama pembeni? Mara nyingine ni mzee wa usharika ndiye mwenye kampuni ya safari, na kijana amchukuliaye mizigo aliimba kwaya Jumapili iliyopita. Akipandishwa bila koti la kutosha, jibu ni lilelile la Alpi.

Kwa hiyo watu wakituuliza, kijana Mkristo aende kazi ya msimu ng'ambo, twajibu: aende kama ana haja na kama mkataba ameusoma. Lakini liko jambo moja ambalo lahusu sharika zetu, si matajiri wa Austria. Kijana aendaye kwa miezi minne huondoka bila barua. Wazee husema barua ya usharika ni ya mtu ahamaye, na huyu hahami, ni msimu tu. Sisi twaona apewe. Akifika Tirol atakuwa katika nchi ya Wakatoliki, ambako mwaka 1837 watu zaidi ya 400 wa bonde la Zillertal walifukuzwa makwao kwa ajili ya imani ya Kilutheri, wakapokewa na mfalme wa Prussia. Leo Zillertal nako ni mahali pa kuteleza, na Walutheri hukaa kwa amani. Huko Innsbruck wana kanisa tangu mwaka 1906. Hawamjui kijana huyu, wala hawatamtafuta katika vyumba vya chini vya hoteli isipokuwa mtu amewaandikia kwamba yuko. Barua iwe fupi: jina lake, mahali alipobatizwa, mwaka wa kipaimara, jina la kijiji atakapofanya kazi, na mwezi atakaporudi. Na mwalimu aliandike jina lake katika kitabu cha maombi ya Jumapili tangu juma aondokapo.